Kinyaa cha Dobi

4 Machi

Binti yangu, mama'ngu mdogo,

Nakusalimu wewe na ng'ombe wako wote, maana siku hizi huwezi kumsalimu mmoja ukamwacha mwingine. Natumaini hujambo. Mimi nyonga niliyovunja inaunga. Natembea na fimbo kutoka kitandani hadi dirishani, na kidonda kimekauka. Habari njema ndiyo hiyo, na imeishia hapo.

Sasa nikueleze ile hospitali. Chuma cha kitanda nilichopewa kilikuwa na unywele wa mgonjwa aliyenitangulia, umeganda kwenye kitu nisichotaka kukijua. Kikombe kilikuwa na alama ya mdomo. Shuka lilikuwa na doa ambalo mtu alilipiga pasi badala ya kulifua, na doa likipigwa pasi limekwisha kuoa, haliachiki tena. Nililala nimejikunja kama kiwavi nisilikanyage.

Usiniambie nadeka. Nimefua nguo za watu tangu sijamwoa mama yako. Hakuna kinachotoka mwilini mwa mwanadamu ambacho hakijapita kwenye mikono hii. Watu wanapita barabarani wamenyooka, wananukia marashi, wananiita Bwana Sabuni na kucheka. Mimi naitikia salamu, moyoni nasema: nyamaza wewe, nayajua mashuka yako.

Lakini lililonichefua kuliko yote ni hili. Kwenye upasuaji damu ilinitoka nyingi, wakaniongeza chupa mbili. Sikuulizwa, nilikuwa usingizi wa dawa. Nazinduka, naona mpira mkononi, ndani ya mpira damu inashuka. Nikamuuliza muuguzi, "Ya nani hii?" Akacheka, "Ya kwako sasa, mzee." Ya kwangu! Nguo ya mtu ukiivaa inabaki ya mtu, sembuse damu yake. Tangu siku ile nikijilamba midomo nahisi ladha ya mwingine.

Na wewe hukuja. Niliwaambia wodini kwamba binti yangu yuko kazini, ng'ombe hawana likizo. Wakanitazama kwa huruma, na huruma ya watu inawasha kama sweta la kuazima.

Usinipigie simu. Shangazi yako alinipigia kwa simu ya muuguzi, nikaikuta ina mafuta ya shavu. Andika, umpe dereva wa lori la maziwa, ndivyo tulivyozoea.

Ni mimi baba yako.


11 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Dereva alinikabidhi barua yako nikiwa nimesimama kwenye tope hadi magotini, nikaisoma hapohapo, nikacheka mpaka msimamizi wangu akaniuliza kama nimepandishiwa mshahara. Nashukuru umesimama. Ukisema unatembea hadi dirishani mimi nakuona kabisa, unafika, unapitisha kidole kwenye kizingiti cha dirisha, unakitazama, unaguna.

Mimi sijambo. Kazi ni ileile. Tunawaingiza ng'ombe kwenye josho mmoja mmoja, wanaruka ndani ya maji ya dawa, wanaogelea na macho yamewatoka, wanatokea upande wa pili wanatiririka. Kabla ya hapo lazima niwapekue masikio na chini ya mkia. Najua hupendi kusikia, ila ulinieleza unywele, na mimi nikueleze yangu. Kupe akishiba anakuwa kama zabibu ya kijivu yenye miguu. Wengine wameshonana ndani ya sikio kama punje za mahindi kwenye gunzi. Jana mmoja alinipasukia kidoleni. Nimenawa mara tatu na bado nakinusa kidole.

Unaona? Kinyaa umenirithisha, ila mimi nilichagua kazi isiyokijali.

Kuhusu kutokuja kwangu hospitalini, nina neno la kukuambia, Baba. Lakini si la kumwandikia mtu anayejifunza kutembea upya. Pona kwanza.

Ni mimi binti yako.


9 Aprili

Binti yangu,

Nakuandikia nikitetemeka, kwa hiyo mwandiko uusamehe. Sijui kama u mzima, naomba uwe mzima. Mimi siyo.

Homa imenishika wiki ya pili sasa. Inakuja na baridi ya kugonganisha meno, halafu jasho. Si jasho la kufanya kazi, hili lina harufu ya sarafu za zamani. Nabadilisha shuka, nalala, naamka nimelowa kama kitambaa cha deki. Zahanati ya mtaani walinitoboa kidole, wakasema malaria, wakanipa dawa. Nikamaliza. Nikarudi, wakasema labda ni malaria sugu, wakanipa nyingine.

Kuna jambo nilitaka kulificha, lakini wewe unatazama sehemu za siri za ng'ombe kwa mshahara, hutashtuka. Mkojo wangu umekuwa rangi ya chai iliyosahaulika jikoni. Nikauona mara ya kwanza nikadhani choo ndicho kichafu. Nikakisugua. Nikaenda tena, nikakuta mchafu ni mimi.

Na macho yamekuwa ya manjano. Jirani yangu muuza magodoro amekuja kunijulia hali, akasimama mlangoni, akakataa kukaa. Mimi! Mtu kakataa kukalia kiti changu mimi!

Ni ile damu, mama'ngu. Naapa ni ile damu. Kuna mtu ameingia ndani yangu na viatu vyake vya matope. Nikifumba macho namwona: kucha ndefu, shati halina vifungo, anajikuna. Ningempata ningemwogesha kwa brashi ya sakafu.

Baba yako.


10 Aprili

Baba,

Shikamoo. Dereva amewasha injini, naandika nimeegemea tairi.

Usirudi zahanati. Nenda hospitali ileile ya upasuaji, leo hii, na neno la kwanza mlangoni liwe kwamba uliongezewa damu. Waonyeshe mkojo. Wewe si ng'ombe na mimi si daktari wa watu, lakini mkojo wa rangi hiyo nimeuona kwa wanyama na sijaupenda hata siku moja.

Dereva atakuchukua. Kiti cha lori kinanuka maziwa yaliyochacha. Panda hivyohivyo. Nakuomba Baba, panda.

Binti yako.


16 Aprili

Binti yangu,

Salamu. Nilipanda. Nilifunika pua njia nzima, dereva akaniuliza kama ninalia.

Nimelazwa, chumba cha mwisho baada ya chumba cha nguo chafu. Nasikia mikokoteni ya mashuka ikipita na kwa harufu tu naweza kukuambia imetoka wodi gani.

Daktari wa damu ni msichana, mdogo kwako kidogo, mpole, mikono misafi. Yeye na mtu wa maabara waliitazama damu yangu kwenye hadubini asubuhi nzima, hawakuchoka. Kisha akaja akakaa na kuniambia, "Mzee, si malaria. Inafanana nayo, ndiyo maana zahanati walikosea." Akaniuliza kama nafuga. Sifugi. Kama nina mbwa. Nikamwambia mbwa akipita mtaani kwangu nafunga dirisha. Akaniuliza, basi, kama nimewahi kuumwa na kupe, maana ndiye anayeubeba ugonjwa huu.

Kupe! Mimi!

Nikamwambia anionyeshe walichokiona. Hakutaka, nikamshurutisha, kwa sababu doa usilolitazama hulitoi. Akanipa simu yake, alikuwa amepiga picha. Mama'ngu, afadhali ningebaki mjinga. Chembe nyekundu za damu zinatakiwa ziwe duara, laini, kama vifungo vya shati. Zangu zimetafunwa. Nyingine zimebaki nusu, nyingine zina pembe kama kofia iliyokaliwa. Na ndani yake vidudu vimekaa, vidogo, vya duara kama pete. Mahali pengine vinne vimeunganishwa vichwa kama watu wanaoteta. Wanaingia, wanazaana, wanapasua, wanatoka kwenda kwenye nyingine. Ndiyo ile rangi ya mkojo, ni chembe zangu zilizopasuliwa. Zile ndogo za kugandisha damu zimekwisha karibu zote, nikipiga mswaki fizi zinachuruzika. Halafu akanionyesha chembe nyeupe, kubwa, imevimba. Ndani ya tumbo lake kuna chembe nyekundu tatu. Imezimeza. Nikamuuliza, "Hii nyeupe nayo ni mdudu?" Akasema, "Hapana mzee, hiyo ni askari wako mwenyewe. Amechanganyikiwa, anakula wenzake."

Nikatapika. Nikatapika kwenye beseni, na beseni lenyewe lilikuwa halijasuuzwa vizuri, nikatapika tena.

Wananipa vidonge vichungu vinavyofanya masikio yavume kama mashine ya kukamua nguo. Lakini daktari anasema vidudu vimezidi na umri wangu hauna subira, dawa peke yake itachelewa. Wanataka kunitoa damu upande mmoja huku wananitia nyingine upande wa pili, mpaka iliyo mbovu itoke. Chupa nane au zaidi. Za watu wanane nisiowajua!

Nimekataa. Nimesema mbele ya mashahidi. Chupa mbili zimenileta hapa, wananiambia dawa yake ni nane? Kamwe. Ukikosea jiki kwenye nguo ya rangi humalizii pipa zima. Kama ni kufa nife na uchafu wangu mwenyewe.

Daktari anasema ugonjwa uliingia kwa ile damu ya upasuaji, maana kuna watu wanatembea na vidudu hivyo na hawaugui hata kidogo. Amesema watamtafuta aliyetoa. Nimemwambia akipatikana aletwe hapa nimtazame. Nataka kuona mtu mchafu kiasi hicho ana sura gani.

Baba yako.


19 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Barua hii nimeichana mara mbili.

Walinipigia simu kutoka hospitalini. Hawakuhangaika kumtafuta mtu huyo, kwa sababu siku ile kwenye friji ya hospitali damu ya kundi letu ilikuwa imekwisha, na aliyekaa kwenye kiti akakunja mkono wa shati alikuwa mmoja tu.

Nilikuja, Baba. Shangazi alinipigia simu asubuhi kwamba umeanguka bafuni na unapelekwa kupasuliwa. Nikapanda lori la maziwa nikiwa na nguo za kazi. Nilipofika ulikuwa tayari ndani. Muuguzi akatoka anauliza ndugu wa mzee wa nyonga ni nani, damu inahitajika sasa hivi. Wakanipima yale wanayopima, wakaona niko sawa. Wakachukua moja, wakarudi wakaniambia haitoshi. Haikuwa kawaida kuchukua mara ya pili. Niliwalazimisha mimi, muuguzi akagombana nami, mwisho akachukua kidogo kuliko ya kwanza. Ndizo chupa zako mbili.

Sikubaki uzinduke. Nilijitazama kwenye kioo cha choo cha wageni, nina kinyesi cha ng'ombe kwenye kola. Nikasema moyoni, Baba akifumbua macho akaniona hivi, na akajua kilichomo mkononi mwake kimetoka kwa huyu, atang'oa mpira. Nikaondoka. Hilo ndilo neno nililokuwa nalo.

Juzi wamenipima tena, safari hii kwa kuutafuta ugonjwa huu. Ninao. Siumwi kitu. Mwaka jana nilipata homa ya siku mbili, nikameza vidonge nikarudi joshoni. Huenda ndipo mdudu alipoingia. Naambiwa si kosa la mtu. Najua. Lakini nikijitazama mishipa ya mkono mwili unanisisimka. Nahisi wadudu wanatembea. Nimeoga mpaka ngozi imechubuka na hawako kwenye ngozi.

Basi yule mtu wa kucha ndefu uliyemwona ukifumba macho ni mimi. Ulitaka kumtazama, nakuja umtazame. Lakini Baba, kabla sijafika, kubali hizo chupa. Nakupigia magoti.

Binti yako.


22 Aprili

Baba,

Shikamoo, ingawa hutaki kuipokea.

Nimekuja na muuguzi amenirudisha mlangoni. Anasema umesoma barua yangu, ukaikunja, ukageukia ukuta, ukasema hutaki mgeni yeyote. Na zile chupa bado hutaki. Daktari amenieleza hapa ukumbini kwamba figo zinaanza kuchoka. Alieleza taratibu kama mtu anayebeba mayai.

Niko kwenye benchi nje ya mlango wako. Karatasi hii nimeiomba kwa karani. Naandika kwa hasira na sitaichana.

Umenichefua, Baba. Acha niseme na mimi. Maisha yangu yote nimeishi na guno lako. Nikiwa mdogo niliogopa kupiga chafya mbele yako. Nilipopata kazi ya mifugo nilikuja na soda mbili tusherehekee, ukaniuliza kama viatu vile ndivyo vya kazini. Nimekusamehe kwa sababu nilidhani ndivyo ulivyoumbwa, kwamba kwako wewe kinyaa ni kama kilema, mtu hachagui.

Lakini si kweli. Mama alipougua mwaka ule wa mwisho, alipokuwa hawezi tena kujizuia, nani alimfulia? Ulikuwa na vijana wawili wa kazi, hukumpa yeyote yale mashuka. Hukunipa hata mimi. Nilikuona nyuma ya nyumba, mikono mitupu, bila glavu, unasugua. Hukuziba pua. Ulirudi ndani ukamgeuza ukamwimbia.

Kumbe unaweza. Ulimwezea Mama. Sasa niambie, damu yangu ina nini ambacho mashuka yale hayakuwa nacho? Kama ni mimi ninayekutia kinyaa, sema, nitainuka kwenye benchi hili nirudi kwa ng'ombe, wao wananipokea nilivyo. Lakini usife kwa ajili ya kinyaa. Kufa kwa ajili ya kinyaa, hiyo ndiyo inanuka.

Binti yako.


26 Aprili

Mama'ngu mdogo,

Hali yako sikuulizi, nitaiona. Ya kwangu nitakueleza, na usicheke mpaka mwisho.

Sikukugeuzia ukuta kwa chuki. Niligeuka ili muuguzi asinione uso. Nimekaa siku zote hizi nikimtukana mtu mchafu, kumbe namtukana mwanangu aliyesimama kwenye choo cha wageni anaogopa kola yake. Kuna aibu zinazomfanya mtu atake kufa kuliko homa. Ndiyo maana niliendelea kukataa. Zile chupa nane zilikuwa kisingizio tu wakati huo.

Kisha ikaja karatasi yako ya benchi. Nilimwambia muuguzi amwite daktari. Nikamwambia yule msichana, "Tundikeni, kabla sijabadilisha mawazo." Akakimbia. Sijawahi kuona daktari anakimbia.

Nilidhani watanilaza usingizi, hawakunilaza. Nimeangalia yote. Mpira huu unanyonya, mpira ule unatia. Ile iliyotoka ilikuwa nyembamba, imechujuka, kama maji ya suuzo la tatu la nguo nyekundu. Nikaona kichefuchefu mpaka machozi. Ile iliyoingia ilikuwa nzito, nyekundu ya kwelikweli, na baridi, naihisi inapanda begani. Watu wanane. Nilianza kuwawazia mmoja mmoja: huyu ana mba, huyu hanawi, huyu anakula kucha. Nadhani wa tano alikuwa mlevi, kwa sababu jana nimeamka natamani bia na sijaionja tangu ujana. Daktari anasema haiwezekani. Yeye ni msomi, mimi ndiye niliyetamani bia.

Leo wamenionyesha picha mpya. Nimeomba mwenyewe. Chembe nyingi ni duara. Pete zimebaki chache sana, zimejikunyata pembeni kama wezi walioona taa. Yule askari mlafi hayumo. Mkojo umekuwa wa manjano, nimeutazama kwa furaha, Mungu anisamehe, nikamwita na mgonjwa wa jirani aje autazame. Mimi nimefikia hapo.

Sasa kuhusu mama yako. Umeandika kwamba sikuziba pua, na kwamba niliweza. Kuna kitu hukukiona, kwa sababu nilihakikisha hukioni. Nyuma ya kile kibanda cha kuni nilikuwa na ndoo. Kila siku, kila shuka, nilikwenda kwenye ile ndoo nikatapika mpaka nikabaki mtupu. Kisha nikasukutua mdomo, nikarudi nikamaliza kufua, nikaingia kumwimbia. Mwaka mzima. Sikuzoea hata siku moja. Vijana sikuwapa kwa sababu ningewavunja shingo kama wangekunja uso, na uso wangu mwenyewe nilikuwa nauacha kwenye ndoo.

Wewe ulidhani kwa mama yako sikuwa na kinyaa, na kwako ninacho. Ninacho kwenu wote. Ninacho kwangu mwenyewe. Nimezaliwa nacho na sitakuongopea kwamba chupa nane zimekiondoa. Nikifikiri kwamba wadudu wako na wangu ni ndugu, tumbo linapinda hata sasa naandika. Lakini tumbo halijawahi kunipangia nani wangu na nani si wangu. Nilipaswa kukuambia hivyo ulipokuja na zile soda.

Daktari amesema nawe umeanza vidonge vichungu. Masikio yatavuma. Usiogope, yanaacha.

Muuguzi ananiambia siku zote hizi hukuliacha lile benchi, na sasa umelala umekaa na mdomo wazi. Barua hii haipandi lori. Nampa yeye akuamshe akupe mkononi. Ndoo iko chini ya kitanda changu, tayari, usiijali.

Ukimaliza kusoma, sukuma mlango uingie.

Baba yako.